Kabla Sufuria Haijachemka

Mlango wa nyuma wa karakana una bawaba inayolia.
Ammia aliipaka mafuta ya kondoo tangu jana,
yaliyoganda kikaangoni mwa bwana wake Glikoni,
na huo ndio wizi wake wote wa juma hili.

Thiatira imelala. Mbwa wa mfinyanzi anamjua, habweki.
Mikono yake ni myekundu hadi viwikoni,
wekundu wa mizizi usiokubali majivu wala mchanga;
ameificha ndani ya shuka
kana kwamba humu gizani yuko wa kumuuliza
amechinja nini.

Leo ni siku gani? Itategemea unamuuliza nani.
Glikoni atakwambia: siku ya vitambaa arobaini.
Askari wa lango: siku ya Jua, na mshahara bado.
Mzee Hananeli atakwambia siku yenyewe ilikuwa jana,
ile ambayo Mungu aliweka chini vyombo vyake;
leo tunarudi tu kwenye hesabu: moja.

Moja. Nami ninayeyaandika haya kwa Kiswahili
nakwama papo hapo penye moja,
maana lugha yangu iliingilia juma kwa mlango mwingine:
mosi ikampa dada yake wa jana,
hii ikaiita pili, ikaendelea na shughuli zake.
Sioni ubaya. Siku haijui jina lake.
Hukucha tu.

Ghorofani kwa Tatia, juu ya duka la viatu,
ugomvi ni wa zamani na unanong'onwa.
Hananeli yupo tangu jua lilipozama.
"Usiku ni mkubwa wa mchana," anasema, "umemtangulia kuzaliwa.
Siku ya Bwana iliingia jana jioni, mkiwa bado mnaosha vyombo."
Amekesha peke yake; taa imekunywa mafuta yote.
Karani Hermogene anataka jioni ya leo:
"Watu huketi wakala usiku, wameshanawa.
Sisi ni wezi, hata tumege mkate gizani?"

Tatia hajibu. Anahesabu vichwa ngazini:
mtumwa, mtumwa, mpishi, mtumwa,
kitoto cha kubeba maji, kimesinzia na mtungi wake.
Jioni hawa watakuwa wamesimama nyuma ya mabwana zao,
wakimimina divai.
Jana walikuwa wapi? Kazini.
Kuna kipande kimoja tu cha juma lote
ambacho hakuna bwana aliyekumbuka kukinunua,
kati ya jogoo wa kwanza na moto wa kwanza.

"Wale wanawake waliobeba manukato," anasema hatimaye,
"mnadhani walichagua alfajiri?
Waliiba nafasi, kama hawa."

Kimya. Hermogene anakuna kidevu.
Ammia haijui hoja, anaijua sufuria yake:
inataka moto kabla ya saa moja,
maji yakichelewa nyuzi hushika rangi kwa mabaka,
na mabaka hulipwa kwa mgongo.
"Mama," anasema, "mega."

Mkate ni wa shayiri, mgumu pembeni.
Umande umelowesha mikono yake,
na kipande anachompisha mzee kinabaki na kidole chekundu.
Hananeli anakitazama kitambo.
Mtu huyu hajawahi kukubali kuwa leo ndiyo siku.
Anakila, na kile kidole.
"Jana nilikupumzikia, mwanangu," anasema.
"Wewe leo niamkie."

Ammia anacheka, kicheko kifupi cha mtu mwenye haraka,
anashuka ngazi mbilimbili,
anampita mbwa, anapita lango la mfinyanzi,
mbingu upande wa mashariki imeanza kuwa kama maji ya suuza ya tatu.

Saa moja sufuria inatokota.
Glikoni anapita akipiga miayo, anahesabu vitambaa,
thelathini na tisa, arobaini, anaridhika.
Jua limepanda ukutani, la kazi, kama la siku zote.
Ammia anakoroga kwa mti mrefu
na ulimi wake unatafuta, nyuma ya jino bovu,
punje moja ya shayiri iliyobaki.