Njia Yangu Imeanikwa Karafuu

Ngazi zilikuwa tatu tu.
Mwenye miguu yake hazihesabu,
huzipanda huku akibishana na mwenziwe bei ya pweza.
Miye nilizihesabu miaka mitatu, kutokea chini,
juani, mbele ya ofisi ya sheha, huku kwetu nje kidogo ya Wete,
karani akinitolea fomu dirishani
kama amtupiaye paka kichwa cha changu.
"Saini hapo hapo, Asaa. Usijisumbue."

Hata habari za talaka yangu nilizieleza dirishani,
na muuza mandazi akanipa pole
kabla karani hajaweka kalamu chini.

Nilianguka mwaka wa mavuno makubwa.
Tanzu lilisema ka!, mara moja, halikurudia.
Siku hiyo niliteremka bila ngazi.
Walinipeleka hospitali juu ya mlango wa banda,
na tangu hapo nimebebwa na watu wema
mpaka kwapa zikaota sugu.
Sisemi si wema.
Ela akubebaye ndiye achaguaye pa kukuweka.

Niliandika barua tano, zenye nakala na namba ya kumbukumbu.
Kimya.
Ya sita nikaitia vina,
maana Mpemba huweza kuikalia barua,
hawezi kulikalia shairi:

    Sheha ngazi zako tatu, kwangu mimi ni mlima,
    Nami ni mtu kwa watu, si gunia la kupima,
    Sitaki kubebwa katu, hata na wenye huruma,
    Nitilie saruji tu, nije nikijisukuma.

Watoto wakalishika, wakalighani wakitoka chuoni,
asubuhi na jioni, mbele ya mlango wake,
mpaka saruji ikaja.
Mteremko wa kwanza ulikuwa mkali, mbuzi tu ndiye aliyeuweza.
Tukauvunja. Fundi Shaame akapima upya,
miye kitini, yeye nyuma na uzi,
akiniuliza, "Hapa je? Na hapa?"
Kabla yake hakuna aliyepata kuniuliza hivyo.

Basi Jumatatu ile ya vuli,
nna barua ya mwanangu ya skuli mapajani,
nafika, naona:
njia yangu imeanikwa karafuu.
Jamvi zima, kutoka juu hadi chini,
nyekundu zikigeuka kahawia,
na Bi Mchanga ameshika ufagio.
"Hapa pana jua, mwanangu, na saruji ina moto. Ngoja zikauke."
"Mpaka lini?"
"Siku tatu. Nne."

Vijana wakajitolea kunibeba.
Nikasema la. Nikakaa.
Harufu ikanipanda puani, ile ile,
ya shati langu la siku ile.
Sikumkasirikia yeye. Mjane,
na hizo pishi zake ndizo mwaka wake mzima.
Ela nilikasirika,
na hasira isiyo na mwenyewe haina pa kukaa.

Kisha wingu.
Tone moja tu, na shehia nzima ikatoka mbio:
karani, muuza mandazi, sheha mwenyewe kavua viatu,
wakakunja, wakabeba, wakaingiza ndani.
Kwa karafuu, pumzi mbili.
Kwangu, miaka mitatu, barua tano na shairi.

Nikapanda mvuani, peke yangu, polepole.
Sheha akayatazama maji yanavyonichuruzika sakafuni kwake.
"Si ungengoja, tungekuletea nje?"
"Nishaingia," nikamwambia. "Nisogezee hiyo meza."
Bi Mchanga akalivuta jamvi lake kidogo.
Haikutosha.
Akalivuta tena.

Usiku, nyumbani, nikakuta punje moja ya karafuu
imenasa kwenye tairi la kushoto.
Sijaitoa.
Inanukia kila nikizunguka.