Rejea

Kwetu Valdivia alama ya juu ni saba.
Mwenye nne amevuka, hata kama kwa kuparamia,
na mimi, miaka kumi na tisa, nimevusha wengi
bila kujua sauti zao zina rangi gani.

Mtihani ulikuwa wa saa mbili. Wanafunzi arobaini na mmoja
walinirudishia maneno yangu mwenyewe,
yamepigwa pasi, yamekunjwa,
kama shati nililowaazima.

Mwaka huu nikasema basi.
Kila Jumatatu ukurasa mmoja, juu ya mto na udongo,
ubandikwe ukutani, korido ya ghorofa ya pili,
karibu na hita inayokohoa.
Asomaye aandike pembeni kwa penseli.
Hizo ndizo alama. Mtihani hakuna.

Mkuu wa idara, Don Evaristo, alishusha miwani:
"Na utapimaje?"
Nikamwambia nitapima. Sikujua nitapimaje.

Wiki ya kwanza walinena kama vitabu.
Wiki ya pili Fresia Oyarzo akaandika kwamba viatu vyake
havijakauka tangu muhula uanze,
na kutoka kwenye soksi akafika kwenye udongo wa mfinyanzi,
unavyoyashika maji kama mtu awekaye kinyongo.
Chini yake penseli sita. Mmoja kauliza. Mmoja kabisha.
Mmoja, mwandiko wa kuku, kachora soksi.

Wakaanza kufika mapema, makoti yakichuruzika,
kusoma kabla ya kusomeshwa.

Kisha Nicanor Huichalaf, kiti cha nyuma, dirishani,
ambaye mihula miwili sikumsikia hata chafya,
alibandika mistari tisa:
kwamba pale wanapoelea leo bata-maji wa shingo nyeusi
palikuwa shamba la viazi la ukoo wa mama yake;
kwamba mwaka wa sitini ardhi ilishuka
kama mtu anayekaa kitako ghafla,
mto ukaingia bila hodi, haukutoka tena;
kwamba bibi yake, akiyaonyesha maji yale,
bado husema "kule shambani".

Nilikuwa nimechoka. Saa sita usiku, mvua, kalamu nyekundu.
Nikaandika pembeni, kama apigaye muhuri:
Rejea iko wapi? Nne.

Jumatatu nikapita. Chini ya wekundu wangu
penseli, imebonyezwa hadi karatasi ikatoboka:
"Rejea ni goti la bibi. Lilivunjika siku ile.
Mvua ikikaribia, linamwambia kabla ya redio.
Ukitaka kulisoma, ni Jumamosi, saa kumi, kuna chai."

Chini yake Fresia: Naweza kuja?
Na mwingine: Na mimi?
Na ile soksi, imechorwa tena, mara hii na goti juu yake.

Nilisimama pale, mwavuli ukinilowesha kiatu.
Neno hilo nimelifundisha miaka yote,
rejea: jina, mwaka, ukurasa, nukta mahali pake.
Sikuwa nimewahi kulisikia kama amri.

Tulikwenda kumi na mmoja.
Bibi Clorinda akatubana kwenye benchi mbili,
akapandisha sketi hadi gotini, akacheka,
akalifunua kovu kama mtu afunguaye atlasi:
hapa palikuwa na ghala, hapa ng'ombe wawili,
hapa ndipo mume wangu aliposimama akasema tusubiri yapungue.
Nicanor alikuwa akimimina chai. Hakunitazama.
Kisha bibi akauliza, katika nyie, mwalimu ni yupi?
Nikachelewa kuinua mkono.

Fomu ya Don Evaristo iko mezani tangu Jumanne.
Ina kisanduku kimoja kwa kila jina,
kidogo, hata punje ya dengu haienei.
Ile nne nimeifuta.
Karatasi imechubuka pale,
na sijaandika kitu bado.