Mstari Mfupi

Saa nane za usiku, robo saa ya kupumzika,
kiwanda cha nguruwe, Waterloo, jimbo la Iowa.
Glavu zetu zimelala chali mezani
na Byamungu anasema: Haldane hawezi.
Hawezi kabisa. Sauti yake ya mwalimu wa hesabu,
nani atampa chama?

Basi nani? anauliza Mutiso, kijiko hewani.
Gavana Marsh, yule wa meno?
Meno hayaongozi nchi.

Meno hushinda, anasema Byamungu.
Mimi sikusema yaongoze.

Wanawapima wagombea kama tunavyopima nyama:
uzito, mafuta,
siku zilizobaki kabla ya kuharibika.
Seneta wa kusini ana fedha, lakini hana goti la kupiga.
Meya Castellane kijana mno, kwao mvua haijamnyeshea.
Sijaona wa Tanga, ambaye hagusi ila maboksi,
hana uraia bado, lakini hoja anazo,
na hoja haziombi viza:
Mnauliza nani atashinda.
Hakuna hata mmoja aliyeuliza mnamtaka nani.

Kengele. Tukavaa glavu.

Mimi niliapa Novemba, raia mbichi,
na nilimtaka Haldane kwa sababu ndogo.
Maktaba ya mjini, watu kumi na wawili, kahawa baridi,
aliniuliza jina. Kasyoka.
Akalikosea, akarudia, akalikosea, akalipata.
Hakusema ni jina zuri.
Aliuliza zamu yangu inaisha saa ngapi
na watoto wanabaki na nani.

Jumatatu, theluji hadi magotini,
ukumbi wa mazoezi wa shule ya msingi.
Hapa chama hakitaki karatasi yako,
kinataka mwili: nenda, simama kwenye kona ya mtu wako.
Marsh chini ya goli la kikapu, umati, vicheko, biskuti.
Haldane kando ya mashine ya soda.
Kona isiyofika watu thelathini na mmoja
inavunjwa, watu wake wakatafute kwingine.

Nikasimama. Na miguu yangu ikakumbuka
uwanja mwingine wa shule, Machakos, themanini na nane,
mwaka wa mlolongo.
Nilikuwa na miaka tisa, nimeshika kanga ya mama.
Mstari wetu ulizunguka choo, ukatoka getini,
ukafika barabarani.
Ule mwingine ungetosha kwenye benchi mbili.
Jioni redio ikatangaza benchi mbili.
Mama alivua viatu, akakung'uta vumbi, akasema:
Leo nilikuwa wengi.
Hakusema tena neno hadi Jumapili.

Bibi Lindquist, mkutubi mstaafu,
anatuhesabu kwa kutugusa bega, kwa sauti.
Ishirini na saba. Ishirini na nane. Mimi, ishirini na tisa.
Anarudia kutoka mwisho. Ishirini na tisa.
Mfupi ni mfupi. Sikujua
kwamba kushindwa kwa hesabu ya kweli
kunaweza kumpa mtu hamu ya kulia.

Wakaja wa Marsh na sahani:
Dada, kura yako isipotee. Njoo kwa anayeweza.
Biskuti nilichukua.

Ndipo Byamungu, chini ya goli,
akatupa mikono kama mtu aliyedaiwa mbele ya wakwe,
akakata ukumbi katikati, viatu vikilia majimaji.
Hawezi, akaniambia akifika. Nimesema hawezi,
na bado nasema.
Akasimama kushoto kwangu.

Thelathini.

Bibi Lindquist akatazama saa ya ukutani. Dakika mbili.
Mutiso akaangalia dari; yeye ni wa Castellane,
na ukaidi wa Mutiso ni mali ya ukoo.

Kwenye viti vya watazamaji, nyuma ya kamba,
Sijaona, aliyekuja tu kuniendesha kwa sababu ya theluji,
akaweka mkoba wake chini taratibu
akasimama.