Pini ya Dola Mbili

Saa kumi alfajiri, Owensboro, Kentaki,
jiko la moshi la jirani limezima
na bega la kondoo liko juu ya wavu, baridi kama kiatu.
Skrini inaniandikia herufi tatu nisizozijua.
Nabonyeza, inazirudia. Mkaidi mwenzangu.

Bwana Hagan yuko barazani kwenye kiti cha magurudumu,
blanketi magotini ingawa ni Julai
na mto Ohio umetumwagia jasho lake lote.
Miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa matishari ya makaa.
Tangu Machi, kiharusi kimemwachia mkono wa kushoto
na neno moja tu, ambalo kwetu ni
bado.

Nalirudisha bega frijini, naanza na umeme.
Plagi ipo. Fyuzi nzima. Feni inavuma.
Bado, anasema.
Kijiti cha kuwashia nakitazama kwa mbali:
kinaiva polepole, chekundu, hakina kosa.
Majivu nimeyafyonza yote kwenye chetezo
(nakiita chetezo, sina jina jingine
la kikombe kinachochoma mti ili kitu kinukie).
Bado.

Basi moto huu hauumwi. Una njaa.
Pipa limejaa vipunje vya hikori hadi mdomoni,
chetezo hakina hata kimoja,
na katikati yao parafujo imelala.

Cha mvunguni huinamiwa; mimi nililala kabisa,
umande mgongoni,
tochi mdomoni kama mbwa aliyeokota mfupa.
Mota inazunguka. Sauti safi. Inazunguka peke yake,
kama mtu anayeendelea kuongea
na simu iliyokwisha kukatika.
Pini inayoishika na parafujo imevunjika vipande viwili.

Nikaigonga parafujo kwa nyundo ya mpira mpaka ikatoka.
Unyevu uliingia pipani: vipunje viliumuka, vikawa uji,
uji ukakauka ukawa saruji.
Naujua uji huu. Mashine ya baba ya kusaga, Kibaigwa,
ilikabwa hivihivi kila msimu
watu walipoleta mahindi mabichi wakiapa ni makavu.

Nikaokota msumari. Mgumu, mnene, ungeingia pale bila tatizo.
Bwana Hagan akaupiga mkono wa kiti chake,
bado, bado, bado,
uso umemwiva.

Najua, nikamwambia, kwa Kiswahili,
maana saa hiyo Kiingereza changu hakijaamka.
Najua, mzee. Nilikuwa na miaka kumi na minne,
baba kaenda msibani, foleni ya ndoo imefika barabarani,
nikatia msumari palipotaka pini.
Msumari haukuvunjika. Zilivunjika gia.
Meno yake tuliyaokota kwenye pumba mpaka magharibi.
Baba hakunipiga. Alikaa juu ya gunia tupu
akauliza, ulidhani waliifanya laini kwa ubahili?
Mwaka ule mzima tulisagiwa kwa watu.

Duka la vifaa lilifunguliwa saa moja.
Kijana wa kaunta aliigeuzageuza mizoga ya pini yangu
akaleta mpya ndani ya kijikaratasi. Dola mbili.
Nikachukua mbili.

Saa tatu kasoro, vipunje vikaanza kudondoka,
tik, tik, kama mtu anayehesabu chenji.
Moshi ukaja kwanza mweupe, mchafu, wa kukohoza,
ukakonda, ukawa samawati, karibu usionekane.
Nyuzi mia na tisini. Mia mbili na kumi. Mia mbili ishirini na tano.
Nikalirudisha bega wavuni.

Karamu ya parokia inaanza saa sita mchana.
Watakula viazi na hotuba; kondoo atawakuta jioni,
au hatawakuta.
Nikamwekea Bwana Hagan ile pini ya pili kiganjani.
Akaikunja ngumi.
Nikanyoosha mkono nifunue kifuniko, nichungulie kidogo tu.

Bado, akasema.

Na safari hii, kwa mara ya kwanza tangu Machi,
lilikuwa ndilo neno alilolitaka.