Mwenyeji Apone

Saa tatu usiku, maabara ya Tilburg.
Kahawa imepoa, mimi bado.
Chini ya lenzi kuna seli moja ya pafu,
askari aliyemmeza adui
akashindwa kummeng'enya.

Nimeipa sumu. Ile ile
ambayo seli jirani ziliionja asubuhi
zikajikunja, zikajikata vipande vidogo nadhifu,
zikafungasha kila kitu kama mtu anayehama
asiyetaka kuwaachia wenzake uchafu.
Ndivyo inavyokufa seli yenye adabu:
kwa amri yake, mlango ikiufunga yenyewe.

Hii haifi.

Ndani yake chumba kimevimba, kimejaa tindikali,
jiko la kumyeyushia mgeni.
Mgeni kaligeuza hamamu.
Anaoga humo, anazaana,
na kupitia ukutani anapenyeza vibarua:
usife, leo usife, kesho nayo tutaona.
Vimeng'enya vimeshika visu, vimepanga foleni,
na hakuna wa kuvipa ruhusa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Kaja. Kapona.
Ugonjwa wenyewe ndio huo.

Baba yangu, Sjef, alifuga mbuzi karibu na Uden.
Desemba ile walikuja watu wa mavazi meupe,
wakauliza kwa upole sana: wenye mimba wako wapi?
Akawaonyesha.
Bontje alikuwa anacheua. Sproet alimlamba mmoja wao glavu.
Foleni, sindano, lori.
Jioni zizi lilikuwa kimya, maziwa bado yana joto kwenye ndoo,
na baba akapiga deki sakafu isiyo na kosa.

Homa ilimpata kabla ya hapo; hakuijali.
Ilipoondoka, haikuondoka.
Iko kwenye vali ya moyo, miaka kumi na mitano sasa,
na mdudu huyu kwenye kioo changu
alitoka kwenye damu yake. Yeye ndiye aliyesema,
chukueni, angalau huyu mmoja afanye kazi.

Jumapili nilimweleza, nikichora kwenye bahasha
chumba, mgeni, vibarua.
Alitazama muda mrefu.
"Kwa hiyo mbuzi wazima waliuawa,
na hii, ambayo inapaswa kufa, inabembelezwa?"
Akakohoa, au alicheka.

Daftarini naandika: saa ya ishirini na nne. Hai.
Kisha nampigia simu.
Inaita. Inaita.
Leo amechelewa kupokea.