Kipimo cha Bahasha

Nilimwita Bahasha kwa rangi yake,
kaki, kama zile za serikali
ambazo hapa Tororo hazimletei mtu heri.
Alilala chini ya cherehani,
mguu wangu ukikanyaga, wake ukikuna,
hata wateja wakadhani nina mashine mbili.

Mwaka wa tatu manyoya yakamtoka kwapani.
Masikio yakanuka chachu,
tumbo likawa jeusi, gumu,
gozi la tembo juu ya mbwa wa kilo kumi na nane.
Kila mtu akawa daktari.
Owor wa gereji alileta oili chafu kwenye kopo.
Mama Nyafwono alisema majivu na mwarobaini.
Mwingine alisema risasi,
tena kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma.
Oili niliipaka. Nakiri.
Alitetemeka usiku kucha
akinitazama mimi, si kopo.

Daktari wa mifugo wa hapa, mtu wa ng'ombe,
alimchoma mara mbili: wiki mbili za amani,
kisha moto uleule.
"Kamba yangu imeishia hapa," akasema,
akaandika jina nyuma ya boksi la dawa ya kupe:
Dkt. Kabasinguzi, Kampala. Ngozi tu.
Ngozi tu! Nilicheka.
Kumbe yupo mtu aliyesoma miaka yote hiyo
kwa ajili ya kujikuna.

Tulipanda lori la vitunguu saa tisa usiku,
Bahasha akipiga chafya hadi daraja la Jinja.

Hakumgusa kwanza. Aliniuliza mimi:
anakula nini, analala wapi,
huanza mvua ikija au ikikoma,
miguu kwanza au masikio?
Hata mwanangu alipougua
sikuulizwa maswali mengi hivyo.

Wiki nane za sungura na viazi vitamu.
Hakuna mukene, hakuna ukoko wa posho,
hakuna mfupa wa harusi ya jirani.
"Hata punje?"
"Hata punje."
Nikamshonea kitambaa cha shingoni: MSINIPE KITU.
Watoto wa shule walikisoma kwa sauti, kila asubuhi,
kisha wakaficha chapati zao.

Mukene alikuwa na hatia, ila si peke yake.
Tukarudi. Wakamnyoa ubavu,
wakachora nukta kwa kalamu, safu kwa safu,
nafasi sawa, mstari umenyooka;
nikaitambua kazi ya fundi mwenzangu.
Sindano ikapita kila nukta. Tukangoja.
Vivimbe vikainuka: nyasi, kidogo;
na utitiri wa vumbi, ule unaoishi katika nguo,
ulivimba kama kifungo cha koti.

Nguo. Nyumba yangu nzima ni nguo.
Mabaki yale niliyomtandikia kwa huruma,
flana juu ya flana.

"Atapona lini?"
"Ugonjwa huu hauponi. Tunaupunguza.
Wewe fundi, suruali ikizidi kiuno unaitupa?"

Sasa analala barazani, juu ya saruji
ninayoidekia kabla ya chai.
Alhamisi ni povu la dawa, dakika kumi bila kusuuza,
nahesabu kwa sauti, naye ananichukia kwa sauti.
Na kila wiki ya tatu, chupa ndogo
kutoka friji ya duka la dawa:
utitiri uleule, tone kwa tone,
mwili uzoee adui yake.
Miaka thelathini nimeshika sindano,
lakini kitambaa hakijawahi kunitazama.
Mara ya kwanza nilijichoma kidole.

Wateja huuliza:
ile mashine nyingine imeharibika?

Katika daftari la vipimo,
kati ya nyonga za mke wa mchungaji
na sare za shule ya wasichana,
upo ukurasa wake. Kujikuna, kwa kumi:
tisa. Tisa. Sita. Nne.
Nane, mvua za Aprili, na nililia kidogo.
Tano. Tatu.
Leo mbili,
na sikio la kushoto nimelitilia shaka.