Kigoda, Meza ya Tisa

Felgueiras, Februari ya mvua, oda zimekauka.
Jumanne Odília Seixas, mwenye kiwanda cha viatu,
akauza gari lake.
Ijumaa tukalipwa. Hakuna hotuba.

Wengine walinong'ona: anajikosha.
Mimi, mshona soli, nilitazama kisigino chake:
cha kushoto, kimelika upande
kwa kutembea toka Lixa kila alfajiri.

"Vua, Dona."
Akavua. Soksi ina tundu.
Akaketi kwenye kigoda changu, akangoja
jozi sita za mteja wa Braga zishonwe kwanza,
kwa kuwa zilitangulia kufika.

Siku hizi wanafunzi wa biashara huja na madaftari,
wanataka siri ya yule mama.
Nawapa kigoda wakalie.
Hawakai sana.
Kinayumba.